Gulio la Magari ya Kale, Beaulieu

Kila Septemba kijiji cha Beaulieu, kusini mwa Uingereza, hujaa wapenzi wa magari ya zamani. Gulio hili lilianza 1967, na liko kwenye viwanja vya makumbusho ya magari. Ukija kwa gari, nenda taratibu: farasi wadogo wa New Forest huzurura barabarani bila haraka. Wauzaji hutandaza vipuri kwenye nyasi kama mitumba ya Gikomba: kabureta, usukani, vibao vya namba. Magari yenyewe yana upande wake, bei zimebandikwa kiooni.

Mimi nilitumwa na baba. Aliendesha Peugeot 404 ya abiria miaka mingi, na kwake hakuna gari lingine. Simlaumu. 404 ilishinda Safari Rally mara nne. 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania.

Ukiishi hapa, gari lililopita miaka 40 laweza kusamehewa kodi ya barabara. Lakini inama utazame chini, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula bodi. Kulipeleka Kenya ni habari nyingine: gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, na 404 zilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1960 hadi miaka ya sabini. Nilipomweleza baba kwa simu, alinyamaza kitambo.

Nikamnunulia taa ya nyuma ya 404. Akauliza ni ya kulia au ya kushoto.