Rolex ya Wandegeya: Hesabu Mayai, Siyo Bei

Ukimwahidi mchumba wako kwamba mkifika Kampala utamnunulia Rolex, usishangae akianza kupima kiganja cha mkono. Mwambie mapema, mama: hii haivaliwi, inaliwa!

Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, ndani kuna kabichi, nyanya na kitunguu. Jina limetokana na Kiingereza, "rolled eggs", yaani mayai ya kuviringisha, likatamkwa haraka haraka mpaka likafanana na la saa. Inasemekana ilianzia Busoga, mashariki mwa Uganda. Lakini walioipa chati ni wanafunzi wa Makerere, maana Wandegeya iko pale pale chini ya kilima cha chuo, na mwanafunzi anataka kitu cha haraka, cha kushibisha na kisichomaliza boom.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, noti ya shilingi 1,000 ya Uganda ilikutosha. Leo, kwa chapati moja na mayai mawili, andaa kama 2,000 hadi 3,000. Mwaka 2022, bei ya ngano na mafuta ya kula ilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kuna wauzaji waliopandisha bei, na kuna walioacha bei ile ile wakapunguza chapati. Mteja anayeangalia bei tu alidhani hakuna kilichobadilika.

Wakati huo huo Rolex imepanda cheo. Mwaka 2016 Kampala ilifanya tamasha lake la kwanza la Rolex. Mwaka 2021 ikapikwa moja ya kilo 204.6, mayai 1,200, ikaingia kwenye rekodi za Guinness. Siku hizi utaikuta mpaka hotelini, ina jibini na parachichi, inaletwa na uma na kisu, na bei inaruka mara kadhaa.

Sasa muende wapi? Kama mnataka kiti na kiyoyozi, haya, nendeni hotelini. Ila kibandani kuna kitu hoteli haiuzi: unaona kila kitu. Yai linapasuliwa mbele yako, linapigwa kwenye kikombe, linamwagwa kwenye chuma cha moto. Hapo huwezi kupunjwa bila kujua.

Kwa hiyo, ukitaka kulinganisha vibanda, usiulize "Shilingi ngapi?" peke yake. Uliza mayai mangapi, tazama unene wa chapati, na angalia kama ni ya sasa hivi au ya asubuhi. Chagua penye foleni, kwa sababu chapati hazikai.

Na mfuko ukiwa umetoboka kabisa, kuna kikomando: chapati iliyokatwakatwa na maharage. Mwenzi atakayekula nawe hiyo huku anacheka, usimwache aondoke.