Ukarimu 17

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi Bristol, Uingereza, na Jumamosi zangu zilikuwa za Mfalme Arthur. Tulikuwa kundi dogo, mtu wa Pwani mimi peke yangu, tukikutana jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na meza kubwa na joto. Mmoja wetu aliuendesha mchezo: yeye ndiye aliyetusimulia nchi, mvua, maadui na wafalme. Sisi wengine kila mmoja alikuwa na shujaa wake mpanda farasi, mwenyeji wa Salisbury, mji ambao kwa treni ungeufikia asubuhi na jioni ukawa umesharudi.

Michezo ya mezani ya namna hii nilikuwa nimeionja kabla. Mama yao ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Humo mhusika wangu aliandikiwa nguvu zake, wepesi wake, akili zake, na mahali fulani pembeni msimamo wake: wa wema au wa uovu, wa sheria au wa vurugu. Nguvu zilipimwa kwa dadu kila tulipopigana. Wema wangu haukupimwa na mtu. Nikishaandika kwamba ni mwema, mwema nilikuwa, hata nikishinda usiku kucha nikipekua mifuko ya maiti.

Pendragon, mchezo wetu wa Jumamosi, ulikuwa na mambo mengine kabisa. Mtunzi wake ni Greg Stafford, mwanzilishi wa kampuni ya Chaosium. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1985, na sisi tulitumia toleo la nne, la 1993. Karatasi ya mhusika ilikuwa na jozi 13 za tabia: huruma na ukatili, ukarimu na uchoyo, unyenyekevu na kiburi, ukweli na uongo, ushujaa na woga, na nyinginezo. Jumla ya kila jozi ni 20. Mwenye ukarimu 13 ana uchoyo 7, na akipanda huku anashuka kule.

Tabia hizo zilitupiwa dadu la pande ishirini. Namba ikiwa sawa na tabia yako au chini yake, unatenda kwa tabia hiyo. Ikizidi, unatupia upande wa pili, na ukipita huko unatenda kinyume. Ukikosa kote kuwili ndipo unapoachiwa uamue mwenyewe. Na tabia ikifika 16 unakuwa mtu wa kujulikana kwayo. Hapo mwendesha mchezo ana haki ya kukudai.

Shujaa wangu alikuwa na ukarimu 17. Usiku mmoja, kesho yake tukiwa na vita na Wasaksoni, kijana aliyefiwa na farasi alifika kambini akaniomba wa kwangu. Hakutaka yule wa mizigo, alimtaka wa vita. Nikasema namwonea huruma, ila farasi simtoi. Mwendesha mchezo hata hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

"Tupa ukarimu."

Nikatupa. Tisa.

"Basi, umeshampa."

Nikabisha, nikadai kwamba mtu mwenye akili hawezi kufanya hivyo. Akanijibu kwamba wa kuulizwa akili ni mimi, na aliyeombwa farasi si mimi. Wenzangu walicheka mpaka chai ikamwagika juu ya ramani. Asubuhi niliingia vitani juu ya farasi wa mizigo aliyeiogopa mikuki kuliko nilivyoiogopa mimi, nikajeruhiwa, nikatekwa, na ndugu wa shujaa wangu wakauza mali kunilipia fidia.

Halafu ikaja hesabu ya baridi. Katika Pendragon kisa kimoja kwa kawaida huchukua mwaka, na mwaka hufungwa kwa majira ya baridi: unatupia dadu uhai wa farasi, uzazi wa mkeo, mavuno ya shamba, na ukishapita miaka 35, kuzeeka kwako. Tabia iliyodhihirika mwaka huo imewekewa alama, na sasa inatupiwa: ukipata namba kubwa kuliko iliyopo, inapanda. Nikapata 19. Ukarimu ukawa 18. Malipo ya kutoa farasi yakawa ni kuzidi kuwa mtu wa kutoa.

Mwenzetu mwingine alikuwa na chuki kali juu ya Wasaksoni. Chuki, mapenzi na utiifu nazo zina namba zake. Zikikuitikia, unapigana kama watu wawili. Siku moja aliiita chuki yake, dadu likatoa 20, namba ya balaa. Shujaa wake akashikwa na wazimu, akakimbilia msituni, na mchezaji akakaa jioni nzima bila mtu wa kumchezea. Hadithi tuliyoisimuliana miaka yote iliyofuata ilikuwa hiyo. Vita vyenyewe tulishavisahau.

Nyumbani bibi, katika hadithi zake, hakuwahi kunieleza kwa nini fisi ni mlafi. Alikuwa mlafi, basi, na kisa kizima kilitoka humo. Stafford aliupata ufundi huo huo kwa hesabu za shule ya msingi.

Baadaye nimecheza michezo mingi ya namna hii. Fate, ulioanza 2003 kwa Rob Donoghue na Fred Hicks, unakubembeleza: ukikubali udhaifu wako ukuponze, unapewa kete ya kujiokoa nayo mbele ya safari. Dungeons & Dragons wenyewe, katika toleo la 2014, ukawapa wahusika maadili, watu wanaofungamana nao na dosari, na zawadi ndogo kwa anayeziigiza vizuri. Yote mizuri, ila inamwacha mchezaji achague lini aumie. Pendragon haukuuliza.

Stafford alifariki mwaka 2018. Mimi siku hizi naandika michezo ya redio, na vijana huniletea miswada yao niipitie. Mingi ina mama mwema na mjomba mbaya, na sifa hizo hazimgharimu mtu chochote mpaka mwisho. Ushauri wangu kwao, na kwako wewe unayetunga, ni mmoja: ukishasema mhusika wako ni mkarimu, mlete mtu aje kumwomba kile asichoweza kukikosa, na usimruhusu akatae.