Ngozi ya Maji

Wapo washikaji wanaoniambia kemia haina nafasi kwenye jarida la waandishi. Eti kemia ni fomula za kukariri ufaulu mtihani, basi. Mimi nawabishia.

Maji yana ngozi, bwana. Mtazame mbu anavyosimama juu ya ndoo asizame. Molekuli za maji zinavutana, ngozi inakaza. Tia sabuni, inalegea. Vitu vinavyoilegeza wataalamu huviita safaktanti: molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa.

Agnes Pockels, binti wa Braunschweig, Ujerumani, aliipima ngozi hiyo jikoni kwao. Enzi hizo vyuo vikuu vya huko vilikuwa havipokei wanawake. Akabaki nyumbani kuuguza wazazi. Akajitengenezea chombo cha bati, akawa anapima maji kwa mzani na kifungo cha nguo. Mwaka 1891 akamwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akaipeleka kwenye jarida la Nature, ikachapwa. Sisi tunaolia hatuna hata meza ya kuandikia, tusemeje?

Ngozi hiyo tunayo kifuani pia. Mapafu ni vifuko vidogo vyenye unyevu. Bila safaktanti vinasinyaa kila tukitoa pumzi. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa nayo. Mwaka 1963 ugonjwa huohuo ulimwua Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, akiwa na siku 2. Ikulu ya baba yake haikumsaidia, maana dawa ilikuwa haijapatikana. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akaeleza alivyowatibu watoto 10 kwa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Mpwa wangu alizaliwa na miezi saba. Kifua kilikuwa kinabonyea kila akivuta hewa. Tuliambiwa dawa ipo duniani, ila hapo haipo, na bei yake hatuiwezi. Siku ya tatu dada alirudi nyumbani na khanga mkononi, tupu.

Kwa hiyo nikisikia profesa yuko maabara anahangaika na mapovu, anatafuta safaktanti ya bei nafuu, simcheki. Namwombea. Patrick alikufa kwa sababu hakuna aliyekuwa na dawa. Wetu alikufa ikiwa imeshapatikana. Hiyo tofauti haimo katika fomula yoyote, na ndiyo inayonifanya niandike.