Chumba cha nguo

Wadau, ukimya wangu umesababishwa na ujenzi. Kuna kichumba cha mita 3 kwa 2.4 kando ya chumba changu cha kulala, nikaamua kiwe cha nguo tu. Nikamchorea seremala: bomba za kutundikia pande zote mbili, kina sentimita 60 kila upande ili mabega ya mashati yasigongane na mlango, katikati njia ya sentimita 120. Mashati ghorofa mbili, magauni marefu bomba moja. Fundi akasisitiza mninga, maana MDF na unyevu wa Dar haviivi chungu kimoja. Pia tundu la hewa, la sivyo viatu vya ngozi vitaota ukungu.

Nikampigia mama kumtambia. Akasikiliza weee, kisha akauliza: "Sasa mimi nikija nalala wapi, mwanangu?"

Nilikosa jibu. Usiku nikatoa nguo zote kitandani, nikatenga ninazovaa kweli. Zinatosha bomba moja la mita 2!

Kesho fundi anaanza kabati la ukutani chumbani kwangu. Kichumba kinasubiri kitanda cha mama.