Mbia Siku ya Hasara

Sisi watu wa pwani tunalifahamu neno ubia tangu enzi za majahazi. Wabia wa chombo hugawana faida kikirejea salama, na hugawana hasara kikivunjikia mwambani. Anayejitokeza siku ya faida peke yake si mbia, bali ni mgeni wa karamu. Kwa kipimo hicho, ndugu msomaji, nakuomba tuutazame ushirika uliofungwa mjini New York mwaka 1966 baina ya wasanii waliochoshwa na desturi na wahandisi wa mitambo ya simu.

Mshenga wa ushirika huo alikuwa Billy Klüver, mhandisi aliyekulia Sweden na kuajiriwa katika maabara za Bell. Mwaka 1960 alimsaidia mchongaji wa Uswisi, Jean Tinguely, kuunda mtambo wa kujiangamiza wenyewe katika bustani ya jumba la sanaa ya kisasa la New York. Mtambo ulishika moto, zimamoto wakaingilia kati, na kwa dakika 27 kila kitu kikawa kimekwisha. Mwingine angekoma hapo. Klüver aliona huo ndio mwanzo.

Miaka sita baadaye, yeye na mchoraji Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii kumi na wahandisi wapatao 30. Walifanya kazi pamoja kwa miezi kumi, kisha wakafungua milango ya ukumbi mkubwa wa gwaride wa Kikosi cha 69 kuanzia tarehe 13 hadi 23 Oktoba. Maonyesho yaliitwa Jioni Tisa: Tamthilia na Uhandisi, na watu zaidi ya 10,000 walihudhuria.

Waliona nini? Katika kazi ya Rauschenberg, watu wawili walicheza tenisi kwa raketi zilizofichwa vyombo vya redio mpinini. Kila mpira ulipopigwa, mshindo ulirindima ukumbi mzima na taa moja ikazimika, mpaka giza likatanda. Ndani ya giza hilo waliingia mamia ya watu, na kamera zinazonasa mwanga usioonekana kwa jicho zikawaonesha kwenye viwambo. Hadhira ikawa inawatazama watu iliokuwa nao chumba kimoja bila ya kuweza kuwaona. John Cage naye alifungua njia za simu kutoka sehemu mbalimbali za mji, zikiwemo mkahawa, kituo cha umeme na banda la mbwa waliopotea, akazichanganya sauti zake palepale. Lucinda Childs alipembeza ndoo katikati ya mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, na chombo cha mhandisi Peter Hirsch kikaugeuza mwendo wa ndoo kuwa sauti ya kusikika.

Hapo kwa Childs na Hirsch ndipo ninapoiona kazi yangu. Mimi sikusomea tafsiri darasani. Niliokota lugha bandarini na katika vitabu vilivyochakaa, na kwa miaka mingi nimehamisha mashairi ya watu kutoka ulimi mmoja hadi mwingine. Najua maana ya kupokea ndoto ya mtu asiyeweza kuitimiza peke yake. Msanii husema anataka mwendo usikike. Mhandisi hana budi kuuliza ni mwendo upi, kwa mawimbi gani, kwa waya wa urefu gani. Katika kuuliza huko ndoto yenyewe hubadilika, na kitokacho hakiwi tena mali ya mmoja.

Basi ikaja siku ya hasara. Vyombo vingine vilikataa kutii, watazamaji wakangojeshwa mno, na wahakiki wa magazeti wakayabeza maonyesho. Lakini katika kijitabu cha maonyesho hayo, kando ya jina la kila msanii, palikuwa pameandikwa jina la mhandisi wake. Lawama ilipofika iliwakuta wote wawili mlangoni. Nao hawakutawanyika: mwaka huohuo Klüver, Rauschenberg, mhandisi Fred Waldhauer na msanii Robert Whitman waliunda chama cha kuwaunganisha watu wa fani hizo mbili.

Nayaandika haya kwa sababu kitabu kimoja nilichokitafsiri kilitoka bila ya jina langu jaladani. Waliokisifu walimsifu mtunzi, na ni haki yake. Walioona mstari unachechemea walinitafuta mimi, wakanipata upesi.

Leo vijana wetu wanaghani tenzi studioni. Fundi wa sauti hukata pumzi isiyotakiwa, huongeza mwangwi, hupandisha udi na kushusha ngoma, na aghalabu shairi hutoka jingine kuliko lilivyoingia. Malenga wenzangu, andikeni jina la fundi huyo kabla hamjajua kama kazi itapendwa au itachekwa. Mkisubiri mpaka ipendwe, mtakuwa mnatoa zawadi. Kabla ya hapo ni haki yake.