Kanuni za Maktaba

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mhudumu wa maktaba ya umma alinitoa nje kwa kuwa sikuvaa viatu. Juma lililotangulia mwenzake alikuwa amenikaribisha na miguu hiyo hiyo. Nikajua mapema kwamba sheria isiyoandikwa hukaa kinywani mwa mwenye zamu.

Kwa hiyo nilipoitwa katika kamati ya kuandika kanuni za maktaba moja ndogo, nilikwenda kwa furaha. Tuliandika saa za kufungua, idadi ya vitabu vya kuazima, misingi ya kuchagua vitabu, na njia ya msomaji kupeleka malalamiko. Mimi nikaongeza kwamba kila mwazimaji alete barua ya mdhamini mwenye kazi ya mshahara. Mkutubi, mama mpole, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wa muuza samaki atamleta nani?"

Nikanyamaza. Maandishi peke yake si haki. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa na utaratibu wake, na kwa miaka mingi utaratibu huo ulikuwa kwamba wasomaji wake wawe Wazungu tu. Kalamu yangu nayo ilikuwa karibu kumfukuza mtoto yule yule asiye na viatu.

Niliufuta mstari wangu. Tukaandika kwamba ushuhuda wa mwalimu wake au jirani watosha. Aandikaye kanuni na ajiulize kwanza ni nani atakayebaki nje, kisha ndipo achovye kalamu.