Mizani ya Baba Mkubwa na Mizani ya Shangazi

Kwetu Kivu mtu mnene hasemwi vibaya. Akipita njiani watu humwamkia kwa furaha na kumwambia, "Umenawiri, nyumbani kwako kuna chakula." Mtu akikonda ndipo maneno huanza: labda ana kifua kikuu, labda mke wake hapiki, labda kuna jirani aliyemtendea uovu. Mimi nilikulia katika maneno hayo, na miaka yangu ya seminari haikuyaondoa yote. Nataka kuwapeni habari za wakubwa wangu wawili, baba mkubwa na shangazi, mmoja mnene na mmoja mwembamba, ambao wote wawili walishikwa na ugonjwa uleule wa moyo. Wao wenyewe wameniruhusu kuandika, ila majina yao sitayataja.

Baba mkubwa ni mchuuzi wa sambaza huko Bukavu. (Samaki hao wadogo hawakuwamo katika ziwa letu tangu zamani, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo nani awezaye kufikiri Bukavu pasipo sambaza?) Mwaka 2019 alikuwa na uzito wa kilo 112, na urefu wake ni metre 1 na sentimetre 70. Akitoka sokoni kupanda mlima kwenda nyumbani alipumzika mara tatu. Usiku alikoroma hata watoto wa chumba cha pili wakaamka. Mara pumzi ikakatika kabisa, halafu akashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, ndani ya kifua changu kuna ndege."

Tulikwenda dispanseri. Mwuguzi akamshika kifundo cha mkono, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Shika wewe pia." Moyo mzima hupiga kama mtu mmoja atwangaye, pigo baada ya pigo kwa nafasi moja. Moyo wa baba mkubwa ulipiga mara mbili kwa haraka, ukanyamaza, ukapiga mara moja, ukakimbia tena, kama wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja bila kupatana. Tangu siku ile najua kuyasikiliza mapigo kwa vidole. Kumbukeni neno hili, maana nitalirudia kwa aibu.

Katika hospitali walimpima kwa mashine inayoandika mapigo ya moyo juu ya karatasi, wakautaja ugonjwa: fibrilasioni. Bwana mganga alitufafanulia vizuri. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu havikazi tena sawasawa, vinatetemeka tu kama majani katika upepo, na vile vya chini hupokea amri ovyo ovyo. Kutetemeka kwenyewe hakuui upesi. Hatari ni kwamba damu inakawia katika pembe ya chumba cha juu cha kushoto, inaganda, na bonge likiondoka huenda likapanda hata ubongo. Hapo ndipo mtu hupooza upande mmoja. Huko Framingham katika Marekani, mji ambao watu wake wamechunguzwa na waganga tangu mwaka 1948, walionyesha mwaka 1991 kwamba mwenye ugonjwa huu hupatwa na kiharusi karibu mara tano kuliko asiye nao.

Na unene je? Watu wa Framingham walijibu hilo pia, mwaka 2004: walio wanene sana walipata fibrilasioni kwa nusu zaidi ya wale wa uzito wa kawaida. Mafuta hukaa hata kando ya moyo wenyewe, unene huleta tansio na kule kukatika pumzi usingizini, na vyumba vya juu vya moyo hutanuka kidogo kidogo. Basi Bwana mganga akampa baba mkubwa dawa ya kupunguza mbio za moyo na dawa ya kuzuia damu isigande, akamwambia pia apunguze uzito. Akatuhadithia habari ya Adelaide, katika Australia, iliyotolewa mwaka 2015. Wagonjwa 355 wenye unene na fibrilasioni walifuatwa miaka mingi. Waliopunguza sehemu moja katika kumi ya uzito wao, au zaidi, na kubaki hapo, walikuwa na nafasi mara sita ya kukaa bila ugonjwa kurudi. Waliopanda na kushuka, leo wamekonda, kesho wamenenepa, walipoteza sehemu ya faida yao.

Vita nyumbani havikukawia. Mama mkubwa alilia, akasema watu watamwona mke mbaya. Wakwe waliuliza kama biashara imekufa. Nikapewa kazi ya kuwatuliza, maana mwalimu wa dini huitwa kwa kila jambo, hata kwa habari ya sahani. Hatukumfungia baba mkubwa chakula. Fufu ilipungua nusu, mawese yakawa kijiko, bia na maji ya sukari vikaondoka mezani, naye akaanza kutembea kila asubuhi mpaka ziwani na kurudi. Sombe hakukatazwa, jambo lililotushangaza. Majani mabichi kama sombe na lengalenga yana vitamini inayopingana na dawa yake ya damu, ndiyo kweli. Lakini aliambiwa ale kipimo kimoja kila juma, asikae mwezi bila kula kisha ale sufuria nzima siku ya sikukuu. Katika mwaka mmoja na nusu alifika kilo 100. Mlima akaupanda bila kusimama. Akataka kuacha dawa zote, na Bwana mganga akakataa kabisa: dawa ya damu haipimwi kwa jinsi mtu anavyojisikia, inapimwa kwa miaka yake, tansio yake na magonjwa yake mengine.

Nami nilijivuna, nakiri. Nilikuwa nikisimulia kilo zile kumi na mbili kama kwamba mimi ndiye niliyezitoa.

Sasa shangazi. Yeye anakaa Idjwi, kisiwa kikubwa katika ziwa Kivu, ambako rovu, yaani uvimbe wa shingo, limejulikana tangu zamani. Waganga wamelichunguza huko tangu miaka ya 1960, wakaona kwamba ayodini ni haba katika udongo na chakula, na mihogo isiyotayarishwa vema huzidisha hasara. Shangazi ana rovu tangu ujana wake. Hakuna aliyelijali, maana hata rafiki zake wanayo. Kwa Noeli ya mwaka 2021 alivuka kwa mashua kuja kwetu. Alikuwa amekonda sana. Alikula kuliko sisi sote, mikono yake ilitetemeka akishika kikombe, na katika baridi ya asubuhi alitoka jasho. Akaniambia, "Mtoto wa kaka yangu, nguo zangu zinaniponyoka. Na moyo unakimbia kama umefukuzwa."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Heri yako, shangazi. Baba mkubwa ametoa jasho miaka miwili ili afanane na wewe." Watu wote wakacheka, naye akacheka kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya meza karibu na mkono wangu, na sikuushika.

Kabla ya Pasaka ya mwaka 2022 walikuja kuniita. Alikuwa ameanguka shambani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Hospitalini walikuta fibrilasioni, na mwanzo wake ulikuwa shingoni: rovu lile lilikuwa linatoa nguvu zake kupita kiasi, likiuchapa moyo na kuuteketeza mwili. Alikuwa na kilo 44. Mwaka uliotangulia, katika daftari la dispanseri, ilikuwa imeandikwa 56.

Baada ya hapo nilimwuliza Bwana mganga maneno mengi, labda zaidi ya subira yake. Alinipa jambo ambalo sikulitazamia. Mwaka 2016 waganga walitazama tena wagonjwa zaidi ya 17,000 wa fibrilasioni, wote wakinywa dawa za kuzuia damu kuganda, na kumbe wale wanene hawakufa zaidi ya wenye uzito wa kawaida. Walikufa kidogo kuliko wao. Nikasema, "Basi tulimtesa baba mkubwa bure?" Akajibu kwamba waganga wenyewe wanabishana juu yake. Mtu mwembamba anayekutwa na ugonjwa huu, mara nyingi wembamba wake ni alama ya ugonjwa mwingine unaomla. Mnene huenda aliwahi kuja kwa mganga akiwa kijana zaidi. Kuwahesabu watu kama walivyokutwa ni jambo moja, na kumfuata mtu anayepunguza uzito kwa makusudi ni jambo lingine. Hata wale wa Adelaide, akaongeza, hawakugawanywa kwa kura, na mwenye bidii ya kupunguza uzito huenda ana bidii ya kunywa dawa pia. Kwa baba mkubwa alikuwa na hakika. Kwa shangazi alisema neno moja tu: kilo zinazoondoka zenyewe ziulizwe zinakwenda wapi.

Kipimo kile cha uzito na urefu kilianzishwa katika karne ya 19 na Mbelgiji, Adolphe Quetelet wa mji wa Gent. Hakuwa mganga, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, naye alitafuta kujua habari za watu wengi kwa pamoja. Kwa kipimo chake baba mkubwa alitoka karibu 39 akafika karibu 35, bado mnene, naye anapanda mlima. Shangazi alipokuwa akielekea 18 nilimpongeza.

Nataka mjue pia kwamba katika hesabu iliyotolewa mwaka 2016, ya wagonjwa zaidi ya 15,000 wa nchi 47 waliofika hospitalini na ugonjwa huu, wale wa Afrika mmoja katika watano alikuwa amekufa kabla ya mwaka kwisha. Na wengi wa Afrika si wanene hata kidogo. Wengine waliharibiwa moyo tangu utoto, kwa homa inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Shangazi alipewa dawa za shingo na dawa ya damu. Baada ya miezi kadhaa moyo wake ulirudi katika mwendo wake, kama inavyotokea kwa wengi rovu likitulizwa. Mkono wa kulia haukurudi wote. Nilikwenda Idjwi kumwambia kwamba siku ile ya Noeli nilikosa. Alikuwa anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, polepole.

"Ulikuwa unamtazama kaka yangu," akasema. "Tulikuwa tunamtazama yeye sote."

Kisha akaninyoshea mkono, ule mbovu, nimsikilize. Nikahesabu dakika nzima. Mapigo sabini na manne, kwa nafasi moja. Akaniuliza kama ni mazuri, nikamwambia ni mazuri. Akaniagiza nikirudi Bukavu nimshike na kaka yake, maana amesikia ameanza tena bia.

Ni kweli, ameanza. Jana mizani ilisema 103.